Goti la Dada

Mvua ilikuwa imenyesha Bugarama usiku kucha, na asubuhi njia ya mbele ya duka letu ilikuwa tope tupu. Dada alitoka na ndoo, mara Babu akatokea anakokota baiskeli. Dada hakutafuta pakavu. Akaweka ndoo chini, akapiga magoti palepale.

"Mwangaluka, Babu."

"Mwangaluka mhola," akajibu Babu, kisha akaanza kuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mihogo, moja baada ya nyingine, kana kwamba matope hayapo duniani. Wanaapolo waliokuwa wakinywa chai kwa mama ntilie wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshainamisha kichwa kidogo tu, na salamu yangu ikawa imekwisha.

Dada aliporudi ndani, khanga imelowa magotini, aliniambia: "Wewe si unaandika riwaya? Basi andika na hili. Ila usiseme ni zuri."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeshasema! Katika riwaya yangu, ile ambayo haijapata mchapishaji hadi leo, sura nzima ya tatu inasifu jinsi binti wa Kisukuma anavyomwamkia mzee. Si unatujua sisi chipukizi, tukikosa kisa tunasifu mila. Sikuwa nimejiuliza mbona magoti yangu mimi hayajawahi kugusa tope.

Basi, Juni ilipofika, Babu akataka tumsindikize Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, kwenye sherehe ya Bulabo. Ilikuwa kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo ziwa tulilivuka kwa kivuko, Babu amekumbatia fimbo yake njia nzima.

Bulabo maana yake ni maua. Ilianzia kanisani, kwenye maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, na padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, akaipa nafasi ngoma ya wenyeji. Lakini mashindano yenyewe ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 19 walikuwapo waganga wawili wachezaji, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo kali. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mwamuzi ni watu wenyewe: wanakokimbilia wengi, huko ndiko kwenye ushindi. Ndiyo maana utaona jembe linarushwa hewani, utaona mtu kajiviringishia chatu shingoni. Yote hayo ni kukuvuta wewe uliyesimama.

Babu ni Mgalu wa damu. Tulisimama upande wake. Ng'ambo ya pili mwanamama mmoja akaanza kuimba habari za mzee aliyekula mahari ya binti yake, kisha akamsahau binti. Aliimba huku akiwaangalia wazee usoni, bila kuinama hata kidogo! Nikadhani patachimbika. Kumbe wazee wanacheka mpaka wanafuta machozi. Lile ambalo nyumbani lingeitwa utovu wa adabu, pale lilikuwa na ngoma yake na ruhusa yake.

Nilipogeuka, Dada hayupo. Nikamwona ng'ambo, katikati ya Bagika, anapiga vigelegele.

"Amenihama," akasema Babu. Hakuwa amekasirika. Alimtazama muda mrefu sana, ngoma yake mwenyewe akaisahau.

Tuliporudi Bugarama, kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kibarazani na kikombe cha chai. Babu akaja. Dada akatoka, akaweka ndoo chini, akasimama wima.

"Mwangaluka, Babu."

Kimya. Lori likapita, vumbi likapanda, likatua. Dada akawa anatetemeka mkono, nilimwona, lakini magoti hayakukunja. Mimi nikatazama chai yangu.

"Hao Bagika," Babu akasema mwishowe, "wamekulipa shilingi ngapi?"

Dada akaangua kicheko.

"Mwangaluka mhola," akajibu Babu, akauliza ng'ombe, akauliza mihogo. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwandishi. Mbona umekaa?"