Imenoga kwa Kihispania

Kitenzi kimoja kiliwahi kuninyima amani wiki nzima.

Nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa mdogo mtaani Lavapiés, Madrid. Kihispania changu kilikuwa cha kitabuni. Usiku wa kwanza, mama mpishi akanikatia kipande cha tortilla: mayai, viazi na vitunguu, binamu kabisa wa chipsi mayai yetu. Nikala, nikasisimka, nikasema, "La tortilla es buena."

Akaniangalia. "Tortilla kwa jumla, au hii yangu?"

Sikuelewa. Mwenzangu mmoja kutoka Peru, aliyekuwa akimenya viazi, ndiye aliyenifungua macho. Kihispania kina "ni" mbili. Ser inataja kitu kilivyo kwa asili yake; estar inataja hali, jinsi ulivyokikuta sasa hivi mdomoni. Niliposema es, nilikuwa kama bango la zahanati: tortilla ni chakula kizuri. Mama alikuwa anangoja está. Tena uangalie jinsia: la tortilla está rica, el gazpacho está rico. Ngeli mbili tu, mtoto wa Kiswahili atashindwaje? Na utamu ukizidi, riquísima.

Kesho yake nikasema, "¡Está riquísima!" Mama akacheka, akaniongeza kipande. Nikavimba kichwa, bwana! Dada mhudumu akaniletea maji. Nikataka kumwambia ana roho nzuri. Nikamwambia, "Estás buena."

Jiko zima kimya. Kumbe kwa chakula ni sifa, kwa mtu ni kuutamani mwili wake. Nilipaswa kusema eres buena. Dada yule akaondoka bila neno, na wiki nzima akawa anabwaga sahani chafu mbele yangu bila kunitazama. Mwishowe nilimwomba radhi, kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Alinisamehe, lakini maji hakuniletea tena.

Tangu hapo naisikiliza upya lugha yangu mwenyewe. "Pilau ni tamu" na "pilau imenoga" si kitu kimoja. La kwanza unaweza kulisema ukiwa na njaa yako, umesimama nje ya mlango. La pili lazima uwe umeshaonja.

Basi wewe unayejifunza kuandika, usikimbilie kutusimulia utamu. Onja kwanza.