Chini ya Mti Upi?



 Huku kwetu Usukumani, vijana wetu wa vyuo wamerejea nyumbani kwa likizo, na wengi wao wamekuja na kazi ya utafiti wanayopaswa kuikamilisha. Juma hili binti mmoja wa kwaya yetu, anayesomea maendeleo ya jamii, aliniletea karatasi alizochapisha kwa mwenye steshenari ili nizipitie. Mada yake ni mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Nimeona niwashirikishe tuliyoyazungumza, kwa maana hayawahusu wasomi peke yao.

Katika karatasi zile kulikuwa na maelezo yaliyojirudia mara saba, kila mara kwa jina la mwandishi mwingine: kwamba bibi hushukiwa uchawi kwa sababu macho yake ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi kavu ya ng'ombe anayopikia kwa kukosa kuni. Nikamwuliza, "Binti yangu, aliyeandika haya aliyaona wapi?" Akanijibu, "Padri, wote wamesema hivyo." Tukaanza kufuatilia. Gazeti moja lilikuwa limenukuu taarifa ya shirika. Taarifa ya shirika ilikuwa imenukuu gazeti jingine. Na gazeti hilo halikumtaja yeyote. Mashahidi walionekana saba, lakini huenda sauti ilikuwa moja tu.

Mnaikumbuka habari ya Susana katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, tunayoisoma Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima. Wazee wawili walimshitaki mwanamke asiye na hatia. Walikuwa wazee wenye heshima, tena waamuzi, na ushahidi wao ulipatana, hivyo watu wakaamini na hukumu ya kifo ikatolewa. Kijana Danieli hakubishana nao kwa kelele. Aliomba jambo moja tu, kwamba mashahidi watenganishwe. Kisha akamwuliza kila mmoja kwa nafasi yake ni chini ya mti upi alikowaona wale aliowashitaki. Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mti mwingine, na uongo ukajulikana. Mwanamke akapona.

Ndugu zangu, maktaba ya chuo ni mahali pa kuwatenganisha mashahidi. Katika simu zetu maneno yote huja yamechanganyika, la kweli na la uzushi, la jana na la miaka hamsini iliyopita. Siku hizi zipo hata programu za akili bandia ambazo, zikiulizwa vitabu, wakati mwingine hutaja vitabu ambavyo havijapata kuandikwa. Katika rafu za maktaba kila shahidi amesimama peke yake, ana jina lake, mwaka wake na mahali alipochapishwa, na kila mmoja unaweza kumwuliza swali la Danieli. Kwa hiyo nilimshauri binti yule aende katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino pale Malimbe, Mwanza, chuo kilichotokana na taasisi iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960 na kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Nikamwambia aanze kwa mkutubi, wala asione haya, kwa kuwa mkutubi ndiye ajuaye njia za msitu ule. Tena asitafute katika katalogi kwa neno moja tu. Waandishi wa zamani waliiita nchi yetu Sukumaland na mkoa wetu Jimbo la Ziwa. Anayetafuta Shinyanga na Geita tu atawakosa.

Shahidi wa kwanza niliyemtajia ni R. E. S. Tanner, ambaye kitabu chake kuhusu mauaji ya wachawi Usukumani kilitolewa Uppsala, nchini Sweden, mwaka 1970. Tanner alikuwa ofisa wa utawala wa kikoloni. Mtu wa nafasi hiyo huyaona yanayofika ofisini na mahakamani, tena chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Yanayosemwa jikoni usiku hayamfikii kirahisi. Hatumkatai kwa sababu hiyo, ila tunajua alikuwa amesimama chini ya mti upi. Hata hivyo mwaka ule wa uchapishaji peke yake umetufundisha jambo kubwa. Karatasi mbili za binti yule zilidai kwamba mauaji ya vikongwe yaliletwa na migodi mikubwa ya dhahabu. Lakini mgodi wa Geita wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Jambo lililokwisha kuandikiwa kitabu mwaka 1970 haliwezi kuwa limeletwa na mgodi uliofunguliwa miaka thelathini baadaye.

Shahidi wa pili ni Mtanzania mwenzetu, Simeon Mesaki, aliyeandika tasnifu ya udaktari juu ya uchawi na mauaji ya washukiwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1993. Yeye aliyatazama mauaji haya pamoja na mabadiliko ya maisha ya watu wetu, likiwemo lile la kuhamishiwa katika vijiji miaka ya 1970, jirani na jirani wakabanana ambao zamani walitenganishwa na mashamba na malisho.

Shahidi wa tatu ni makala ya Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, iliyotoka mwaka 2010 katika jarida la kitaaluma. Hao walichunguza uhusiano wa wachimbaji wadogo, waganga na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yale yaliyotutia aibu mbele ya dunia kuanzia mwaka 2007 hivi. Ni mwiba wa aina nyingine. Magazeti mengi huyachanganya mauaji hayo na yale ya vikongwe kana kwamba ni jambo moja, na anayechanganya maradhi mawili hatapata dawa ya lolote.

Zipo pia takwimu. Mwezi Machi 2012 mkoa wa Geita uliundwa. Bukombe iliyokuwa Shinyanga ikaenda Geita; Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu. Mahakama Kuu ilipoketi Kahama mwezi Septemba 2009 na kuwahukumu kifo watu watatu waliomuua kijana mwenye ualbino wa Bukombe, magazeti yaliandika kwamba ni tukio la Shinyanga, na yalikuwa sahihi kwa wakati ule. Sasa mtafiti akiiweka hesabu ya Shinyanga ya mwaka 2009 kando ya hesabu ya Shinyanga ya leo, ataona imepungua, naye atamshukuru Mungu kwa neema ambayo huenda ni mpaka tu uliosogezwa.

Na yale macho mekundu? Sijasema kwamba ni uongo. Moshi huumiza macho, na misitu yetu ilifyekwa kweli, kwanza katika vita vya wakoloni dhidi ya mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, hata Serikali ikalazimika mwaka 1986 kuanzisha mradi wa HASHI ili ngitili zirudi. Lakini akina bibi wa mikoa mingine nao hupikia moshi, macho yao huwa mekundu vilevile, nao huzeeka kwa amani. Kwa hiyo moshi hautoshi kuwa sababu. Huenda ni kisingizio. Ukiishia hapo utagawa majiko sanifu na kurudi nyumbani umeridhika, bila kuuliza nani alimpigia bibi ramli, na shamba lake limekwenda kwa nani.

Hapa ndipo jambo hili linapotoka maktabani na kuingia katika jumuiya zetu ndogondogo. Nimeongoza mazishi ya wajane waliokatwa mapanga usiku. Katika mazishi hayo neno nililolisikia zaidi ni "tulisikia". Tulisikia kwamba mtoto wa fulani aliugua baada ya kupita kwake. Tulisikia kwamba mganga alimwonyesha. Wote walikuwa wamesikia. Hakuna aliyekuwa ameona. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015, lakini marufuku haifiki ndani ya sikio la mtu. Sikio analichunga mwenyewe.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi wetu huidhani ni amri ya mahakamani, kumbe inamhusu kila anayepokea neno asilojua lilikotoka na kulipitisha kwa mwingine. Mwinjili Luka anatuambia mwanzoni kabisa mwa Injili yake kwamba aliyachunguza mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo, kwa mashahidi walioona, kabla ya kumwandikia Teofilo. Ikiwa yeye aliyeandika Habari Njema alichunguza, sisi tunaobeba habari mbaya za jirani tuna udhuru gani?

Juma hili, basi, nawaomba jambo moja. Neno likikufikia juu ya mzee yeyote wa kijiji chako, lisimamishe mlangoni. Liulize nani aliona, lini, na chini ya mti upi. Lisipokuwa na jibu, lisitoke kinywani mwako. Nanyi vijana wa vyuo, msichoke kufunua vitabu. Ukurasa mliouhakiki kwa makini unaweza siku moja kusomwa na mtendaji wa kata au hakimu, na bibi mmoja akalala salama katika nyumba yake.

Bwana awe nanyi, na awajalie masikio yenye busara. Tuonane Dominika.

Wenu katika Kristo,
Paroko