Sifuri Iliyotudanganya

Ndugu msomaji, huenda nawe unayo karakana ndogo uani, mahali unapotengeneza redio na pasi za majirani baada ya saa za kazi. Kama unayo, nakuomba unisikilize, maana yaliyotupata sisi si mema kumpata mwingine.

Shemeji yangu alinunua transfoma ya kupandisha na kushusha umeme, ile yenye nyaya za shaba zilizozungushiwa pete ya chuma, na kipande cha kaboni kinachotambaa juu yake. Ukizungusha kirungu chake, volti hupanda kutoka sifuri hadi 230 na kuzidi. Ilikuwa haina kasha. Tukaifunika kwa sanduku la mbao, skrubu mbili za kutolea umeme zikabaki nje. Tukajiona mafundi.

Jumamosi moja mwanangu wa miaka 5, akiwa peku juu ya sakafu ya saruji, aligusa skrubu mojawapo. Kirungu kilikuwa kwenye sifuri. Mtoto alirushwa nyuma, akapiga ukelele ambao hadi leo haujanitoka masikioni. Mungu alimnusuru.

Sifuri inawezaje kumpiga mtu? Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya umeme, alifungua plagi akatuonyesha. Tulikuwa tumepishanisha nyaya, ule wa moto ukakaa mahali pa mwenzake.

"Wanangu," alisema, "transfoma hii haitenganishi umeme unaoingia na unaotoka. Waya ni ule ule mmoja. Sifuri mnayoisoma ni tofauti baina ya skrubu mbili tu. Mkikosea plagi, skrubu zote mbili zina volti 230 kwa mtu aliyesimama ardhini."

Tulilitupa sanduku la mbao. Huko Gerezani tulikatiwa kasha la bati nene. Waya wa ardhi tuliufunga kwa bolti juu ya bati lililokwanguliwa rangi, ili ushike chuma kwa chuma. Matundu ya hewa tuliyaweka chini na juu, membamba kiasi cha kutopitisha kidole cha mtoto. Penye skrubu tuliweka soketi ya matundu matatu; penye kuingilia waya, pete ya mpira na kibanio, usikatwe na bati wala kuchomoka ukivutwa. Swichi tuliyochagua hukata nyaya zote mbili.

Fyuzi ni mbili, wala ya pili si ubadhirifu. Ukitoa ampea 20 kwa volti 23, ukutani huingia takriban ampea 2 tu. Fyuzi ya ukutani haitashtuka, na huku kaboni inaungua. Hivyo fyuzi nyingine hukaa kwenye waya utokao katika kaboni.

Hata hivyo mzee alituonya kwamba kasha zuri haliigeuzi transfoma hiyo kuwa nyingine. Anayefungua redio iliyo kwenye umeme ahitaji pia transfoma yenye mizingo miwili iliyotengana.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuwasha chako, fungua plagi uitazame. Mwanangu sasa hupita mbali na karakana ile, nami simlaumu.