Lugha Tuliyonyonya

Mtu akitaja Masisi, wengi hukumbuka milima ya majani, ng'ombe na jibini. Akitaja Walikale, hukumbuka msitu, mto Lowa na bati la Bisie. Ni wachache wanaokumbuka kwamba huko kuna watu wenye lugha na mapokeo yao: Wahunde, Wanyanga, Wakano, wasemaji wa Kinyarwanda, na wengine. Mimi nataka kusema juu ya Kinyanga, kwa kuwa ni lugha ya mama yangu, na kwa kuwa siku moja nilipata haya kwa ajili yake.

Bibi mmoja aliyekimbia vita kutoka Walikale aliugua sana huko Goma. Sisi watu wa jumuiya tukaenda kusali naye. Tukaanza rozari kwa Kiswahili, kama kawaida yetu. Aliitikia kidogo, akanyamaza. Kisha akanishika mkono, akaniuliza kwa Kinyanga kama naweza kumwombea kwa maneno ya kwetu. Nililielewa swali lake lote, lakini kinywa changu hakikuwa na jibu. Sala alizonifundisha mama zilikuwa zimenitoka. Bibi yule akafa siku ya tatu.

Wapenzi wasomaji, Kinyanga si lugha maskini. Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja mwenye elimu, Daniel Biebuyck, alimsikiliza mzee Rureke akiimba, akisimulia na kucheza habari za Mwindo muda wa siku 12. Mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene, aliye Mnyanga mwenyewe, wakazitoa katika kitabu, kwa Kinyanga na Kiingereza. Wageni wa mbali wanazisoma katika vyuo vikuu, na huku watoto wetu hawazijui.

Shemwindo, mkuu wa Tubondo, aliwakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa, na papo hapo akatembea, ndiyo sababu akaitwa Kabutwakenda. Baba yake akamfungia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Mtoto akaokoka, akafika kwa shangazi yake Iyangura. Halafu akamfuata baba yake hata kuzimu, na alipompata hakumwua. Alimrudisha nyumbani, wakagawana utawala. Lakini Mwindo alikuwa mwenye majivuno. Alipomwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi, alichukuliwa juu mbinguni akakaa huko mwaka mzima, akateswa na mvua na jua, mpaka moyo wake ukanyenyekea. Aliporudi aliwaagiza watu wake wasigombane, wasimtamani mke wa mtu, wasimcheke kilema.

Je, mwana kumsamehe baba, na mwenye kiburi kushushwa, si mambo tunayoyasikia katika Injili? Wazee wetu walikuwa wamelilima shamba kabla ya mpanzi kufika.

Tangu mwaka 1993 vita vimetutawanya mara nyingi. Watoto wengi wamekulia mjini na kambini, mbali na babu na bibi. Kiswahili kimetukusanya, nami nakishukuru, maana ndicho ninachoandika hapa. Kiswahili ni barabara tunayokutana sote, lakini mtu hawezi kulala barabarani. Lazima awe na moto wa nyumbani.

Wengine husema, «Tuache lugha hizo, maana ukabila umetuua.» Neno hilo si la kudharauliwa, kwa kuwa tumezika wengi. Lakini lililotuua ni majivuno, yale yale yaliyompatia Mwindo adhabu. Mimi niliyeona haya mbele ya mgonjwa nimejua uzito wa lugha ya mama. Basi nitawezaje kuicheka lugha ya mama wa jirani yangu?

Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwapa watu wote lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Mtaguso wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango wa kutumia lugha za watu katika liturujia. Nayo Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ikiisha kutaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, yasema kwamba lugha nyingine ni urithi wa Kongo, na Serikali huzilinda. Lakini Serikali haitakuja jioni kumfundisha mtoto Salamu Maria. Hiyo ni kazi ya mama na baba.

Nimemwendea katekista mmoja mzee, naye ananifundisha upya. Nakosea, anacheka, tunaanza tena. Wanangu huketi karibu, na mdogo amenipita tayari. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mzee, mwombe leo hii sala moja tu kwa lugha yake. Usingoje mpaka akushike mkono nawe huna neno.