Homa Peke Yake Haitoshi

Mtihani wa LSAT, ambao vyuo vingi vya sheria vya Marekani na Kanada huutumia kuchuja waombaji, hauulizi hata kifungu kimoja cha sheria. Unapima namna mtu anavyosoma na anavyofikiri. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na vitu yameondolewa, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za kupima hoja. Kila moja ni ya dakika 35, ina maswali 25 hivi. Unapewa aya fupi: mtu anadai jambo, anatoa sababu, nawe mara nyingi unatakiwa useme hoja yake imepungukiwa wapi.

Kasoro iliyonikaa moyoni wakati wa maandalizi ni ile ya kupindua kanuni. Malaria huleta homa. Mtoto huyu ana homa. Basi ana malaria. Nani kwetu hajaisikia? Tumekua nayo. Miaka mingi wagonjwa wenye homa walipewa dawa ya malaria bila kupimwa, na mwenye nimonia au homa ya matumbo akazidi kuumia huku akimeza vidonge visivyo vyake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kutibiwa. Sababu ya kwanza ilikuwa kweli, ya pili kweli, na hitimisho likaumiza watu.

Ndiyo maana naona ni haki chuo cha sheria kuanzia hapo. Siku moja upande wa mashtaka utasema: mwizi alivaa shati jekundu, na mshtakiwa alikutwa na shati jekundu. Wakili asipoliona pengo hilo, mtu atafungwa.

Gumu zaidi ni hoja inayofikia jambo tunalolipenda. Ya mpinzani tunaichambua bila kuombwa; ya mwenzetu tunaitikia tu. Mtihani haujali upande. Unataka uyapokee maelezo kama yalivyotolewa, kisha ukague hatua ile moja, ya kutoka kwenye sababu kwenda kwenye hitimisho.

Wewe unayejiandaa, anza bila saa. Kwa kila swali, jielezee kwa Kiswahili kwa nini majibu manne hayafai kabla ya kuchagua la tano. Kasi itakuja. Na siku yenyewe usiache swali wazi, kwani jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.