Sarafu zinazojificha mchangani Blackpool

Ukijaliwa kufika Blackpool, kaskazini magharibi mwa Uingereza, utauona mnara maarufu uliofunguliwa mwaka 1894. Mbele yake upo ufuo mpana, na bahari inapokupwa hutokea watu wakipitisha mitambo ya kugundua metali juu ya mchanga, wakitafuta sarafu zilizoangushwa na watalii.

Anayeanza huuamuru mtambo unyamazie chuma ili asichoshwe na misumari. Kumbe hapo ndipo anapojinyima! Tangu mwaka 1992, peni moja na peni mbili kwa kawaida ni chuma kilichopakwa shaba. Tangu 2012, peni tano na kumi ni chuma kilichopakwa nikeli. Huenda mtambo ukazihesabu pamoja na misumari.

Basi ufanyeje? Iache sauti ya chuma isikike. Fukia sarafu ya kila aina, pitisha mtambo, ujifunze mlio wake. Penye mchanga uliolowa maji ya chumvi, punguza makali ya mtambo, la sivyo utalialia bure. Aidha, ulizia ruhusa kwanza, na ufukie kila shimo. Watoto hucheza hapo.

Asiyetaka kusumbuliwa na misumari asililie sarafu.