Kipimo cha Maandishi

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Wete
Baada ya Magharibi mpwa wangu kaniuliza, "Mjomba, makala zako zinasomwa na watu wangapi?" Nikamwambia sijui. "Basi utajuaje kama umefaulu?" Swali lake limenikaa moyoni. Msimu huu kila kitu kina kipimo: mchumaji hulipwa kwa pishi, na mkulima hupeleka karafuu zake kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalozinunua. Maandishi yapimwe kwa nini?

Jumatano, 14 Agosti
Nimekifungua tena *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Mna tungo za Kamange na Sarahani, malenga wa kisiwa hiki. Walizikusanya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, akazihariri Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Kitabu kimetoka yapata karne nzima tangu Kamange afariki. Muda wote huo kuna waliozikariri, wakazinakili, wakawarithisha wengine. Mtu hajitaabishi kuhifadhi neno lisilomfaa. Idadi ya waliomsikiliza Kamange siku ya kwanza haijulikani, na leo haina uzito wowote.

Jumamosi, 17 Agosti
Namfikiria Abdilatif mwenyewe. Mwaka 1968 aliandika *Kenya: Twendapi?*, waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya. Serikali ikamjibu kwa kifungo, 1969 hadi 1972. Huko gerezani akatunga *Sauti ya Dhiki*, kwa siri, juu ya karatasi za chooni. Hakuwa na msomaji wala wa kumsifu. Diwani ikachapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Naiheshimu tuzo, lakini naamini kazi ilikwisha kufaulu kabla yake, pale alipokataa kunyamaza. Anayengoja makofi ndipo aseme, atasema yale tu yanayopigiwa makofi.

Ijumaa, 23 Agosti
Makala yangu ya wanawake wanaochambua karafuu usiku imefika Micheweni. Bibi mmoja kasomewa na mjukuu wake, kisha kanitumia salamu: "Mwambieni mwalimu, kwetu kuchambua kulikuwa na nyimbo zake, na kila nyumba ilikuwa na mwanzishaji wake. Aje nimwambie."

Nimefurahi kuliko siku yoyote niliyosifiwa. Washairi wetu tangu zamani hutunga ili wajibiwe. Mmoja hutupa fumbo, mwenziwe hulifumbua na kuongeza lake. Sifa huishia kwa mwandishi. Jibu huliendeleza jambo lenyewe, na bibi huyu ana elimu ambayo haimo katika kitabu chochote nilichosoma. Kama makala imemfanya aone kuwa ayajuayo yanastahili kuandikwa, imefaulu, hata kama hakuna mwengine aliyeisoma.

Jumapili, inshallah, nakwenda Micheweni. Nitaandika anavyosema yeye, kwa Kipemba chake, na makala ijayo itaanza na maneno yake.